Pai za Viazi: Donge Lisilopasuka Mafutani

Kila Ramadhani inapokaribia, swali moja huturejea, tena aghalabu kutoka kwa mama zetu na dada zetu wanaopika kwa kuuza: mbona katlesi zangu hupasuka zikifika mafutani? Swali hili si dogo. Mwenye kupikia watu wake, sinia likimharibikia, nyumba itacheka na kula hivyo hivyo. Lakini aliyechukua oda ya katlesi 100, akanunua kima, mayai na mafuta kwa fedha ya mtaji, kisha robo yake ikafunguka karaini saa kumi na moja jioni, huyo amepoteza faida ya siku nzima na pengine mteja pia. Kwa hivyo wiki hii tunalizungumza donge lenyewe kabla ya kilichomo ndani yake.

Chanzo cha taabu ni maji. Karibu sehemu nne katika tano za kiazi kibichi ni maji, na kinachobaki kwa wingi ni wanga. Donge lililobeba maji mengi likiingia katika mafuta ya moto, maji hugeuka mvuke, na mvuke hutafuta njia ya kutokea. Usipouachia njia, utajifanyia wenyewe.

Basi tuanzie sokoni. Viazi tunavyovinunua Kongowea hutoka bara, Nyandarua, Nakuru, Meru na kwengineko, kwani kiazi hupenda ardhi ya baridi, nayo pwani yetu haina baridi ya kukipa. Aina iliyotapakaa zaidi ni Shangi. Huiva upesi na kuwa ya unga, jambo jema kwa donge, ila ukiisahau motoni hupasuka maganda na kunywa maji ya sufuria. Viepuke viazi vichanga ambavyo ngozi yake huchubuka kwa kidole gumba. Hivyo ni vya mchuzi. Vilivyogeuka kijani navyo viacheni kabisa, maana sumu iliyomo haiondoki kwa kuchemsha. Na viazi visikae ndani ya friji: baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, na pai zikawa nyeusi nje kabla ya kuiva.

Vichemsheni na maganda yake, vikiwa vya ukubwa mmoja, mkianzia na maji baridi yaliyotiwa chumvi. Kisu kikipenya bila kushindana, mwageni maji yote, kisha virudisheni katika sufuria tupu juu ya moto mdogo kwa dakika 2 hivi, mkiitikisa, hadi mvuke upungue. Hatua hii wengi huiruka, na kwetu sisi ndiyo yenye thamani kuliko zote. Halafu menyeni vikiwa moto, kwa kitambaa mkononi, na mviponde papo hapo kwa mwiko au uma, au mvisukume katika chungio. Blenda tunaikataza. Visu vyake huvunjavunja kiazi mpaka wanga wote ukamwagika nje, nalo donge likawa gundi ya kubandikia bahasha. Mabonge yakiisha, mkono usimame. Tandazeni viazi katika sinia vipoe.

Kwa katlesi, hapo pametosha chumvi, pilipili manga na matone machache ya ndimu. Kilo 1 ya viazi vilivyopondwa, ikikatwa madonge ya gramu 50, hutoa katlesi 20, hesabu inayofaa kwa anayepanga bei. Ikiwa viazi vilikuwa vya maji na donge halishikiki, ongezeni kijiko kimoja au viwili vya unga mweupe wa wanga wa mahindi. Wako wauzaji wanaojaza unga wa ngano ili kilo izae zaidi. Hatuwahukumu, maisha ni ghali. Lakini mlaji huujua unga kwa tonge la kwanza, na mara ya pili hununua kwa jirani.

Pai ya kuoka ina kanuni nyengine, kwa sababu donge lake husukumwa kama chapati. Chukueni gramu 500 za viazi vilivyopondwa na kupoa, gramu 200 za unga wa ngano, gramu 60 za siagi au samli, kiini cha yai 1 na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Tunasisitiza neno kupoa. Unga ukikutana na viazi vya moto hunata. Mpishi huongeza unga, ukanata tena, akaongeza tena, mwisho pai ikawa ngumu kama kigae. Wala msikande kwa nguvu kama mkandavyo chapati. Donge likishikana, lifunikeni lipumzike mahali pa baridi kwa nusu saa, kisha lisukumeni juu ya ubao ulionyunyizwa unga hadi unene wa nusu sentimita. Tieni kitoweo, kunjeni nusu mwezi, bana kingo kwa uma, pakeni yai. Joto la 200 kwa dakika 25 hadi 30 latosha. Asiye na oveni na apalie makaa, kidogo chini na mengi juu ya kifuniko, kama mama zetu walivyochoma mikate yao ya sinia.

Kitoweo nacho kiwe kikavu. Kima kipikwe kwa thomu, tangawizi, bizari nyembamba na ndimu mpaka maji yakauke na muisikie ikichachatika chini ya sufuria. Kitunguu kikatwe kidogo, kitiwe chumvi, kikamuliwe, ndipo kiingie pamoja na dania na pilipili mbichi baada ya sufuria kuteremshwa. Jodari aliyechemshwa na kuchambuliwa hufaa vilevile, akikamuliwa. Na chochote mtakachotia, kipoe kwanza. Kitoweo cha moto hutoa mvuke ndani ya donge, tukarudi kule kule.

Neno kwa wenye sukari majumbani mwetu. Husemwa kwamba pai ya viazi ni nyepesi kwao kuliko ya ngano. Si hivyo. Kiazi kilichopondwa hupandisha sukari upesi, kwa hivyo mzee apewe kipande kimoja na mboga nyingi pembeni, asiachiwe sinia. Asiyekula ngano, kwake katlesi ni salama maadamu haikutiwa unga.

Anayetaka kupunguza haraka za jioni aweza kuziumba asubuhi, azifunike na kuziweka frijini. Kima iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa 2 katika joto letu hili. Za kugandisha zipangwe katika trei zisigusane, zikishaganda ndipo zitiwe mfukoni. Na zikikaangwa zitoke moja kwa moja kwenye barafu, kwa moto wa wastani, kwani zikiyeyuka hutoa maji.

Mafuta yawe ya kuzamisha, na tone la yai likidondoshwa lipande juu mara moja likitoa povu. Chovyeni katlesi katika yai lililopigwa, tieni chache chache ili mafuta yasipoe, na msizigeuze mpaka ngozi ishike. Kabla ya kuumba zote, kaangeni moja tu. Ikifunguka, lirudisheni donge katika sufuria juu ya moto mdogo, mlikaushe huku mkiligeuza kwa mwiko, au liongezeeni kijiko cha ule unga wa wanga, kisha jaribuni nyengine.