Malipo ya wateknolojia wa dawa yaangaliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu malipo ya wateknolojia wa dawa, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita mafundi sanifu dawa. Sisi walimu wa vijijini huulizwa mara kwa mara na wazazi kama kazi hiyo inalipa. Ukweli ni kwamba vijana wawili waliosoma chuo kimoja wanaweza kupishana sana kimapato, na sababu zake zinafahamika.

Kwanza ni cheti. Serikalini, mwenye astashahada huajiriwa kama msaidizi katika ngazi ya TGHS A, na mwenye stashahada ya miaka mitatu huanzia TGHS B. Hapa hakuna ubishi, kwani hata sisi walimu tumepangwa kwa elimu zetu.

Pili, na hii ndiyo kubwa, ni mwajiri. Mwezi Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipandishwa kutoka Sh. 370,000 hadi Sh. 500,000, na hakuna mkuu wa kituo aliyekuwa na uwezo wa kukataa. Tena katika kila Sh. 100 za mshahara, Serikali humchangia mtumishi Sh. 15 katika mfuko wa pensheni, naye hukatwa Sh. 5 tu. Aliyeko duka la mtu binafsi, akiandikishwa NSSF, anaweza kukatwa hadi Sh. 10. Asipoandikishwa, uzee wake hauna akiba.

Tatu ni sheria yenyewe. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inataka kila famasi isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa. Hilo ni jambo jema. Lakini matokeo yake ni kwamba jina la mfamasia lina bei, kwa kuwa bila hilo duka halifunguliwi, hali mteknolojia anayesimama kaunta kutwa nzima huambiwa kuwa wenzake ni wengi. Upande wa chini wapo watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoani kwetu Ruvuma mwaka 2003. Mpango huo umetusaidia sana sisi wa vijijini, na siubezi. Ila si haki mwenye duka autumie kama fimbo ya kushusha malipo ya aliyesoma miaka mitatu.

Nne ni saa za kazi. Tuchukue mfano wa duka linalofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, lenye mtoa dawa mmoja. Kwa siku sita amefanya kazi saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, tena zisizidi 50 katika wiki nne. Huyu wetu anazo 156. Mshahara unaoonekana mnono mwanzoni, ukiugawa kwa saa hizo, unakuwa mwembamba kabisa.

Ndugu Mhariri, jambo hili si la wateknolojia peke yao. Aliyechoka saa 3 usiku ndiye anayemwelekeza mama kiasi cha dawa ya kumpa mtoto mwenye homa. Mwalimu akikosea hesabu ubaoni, kesho anaweza kusahihisha. Kosa la dawa huenda lisisubiri kesho.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Famasi, ambalo ndilo lenye kusajili maduka haya, lisitazame rafu na cheti cha mfamasia ukutani tu. Mwenye duka anapohuisha kibali, aonyeshe pia mkataba wa maandishi wa kila mtoa dawa, saa zake, mshahara wake na namba yake ya NSSF. Na Serikali izidi kuwaajiri vijana hawa katika zahanati, ambako muuguzi mmoja huchoma sindano na kugawa dawa pia.

Nanyi wazazi, mkiuliza ada ya chuo, ulizeni pia nani atakayemwajiri mtoto, na kwa mkataba gani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Songea Vijijini.