Mwalimu anunuapo pikapu, atazame kazi wala si rangi

Kila mwaka walimu wengi wa nchi hii hutimiza umri wa miaka 60, wakaweka chaki chini na kurejea mashambani. Wengine hata hawangoji siku hiyo. Wangali darasani, lakini mshahara umewaelemea, nao huamua kuchukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo ili wanunue pikapu ya kubebea viazi, maziwa, mchanga au maji. Hilo ni wazo jema, na hatuna nia ya kumvunja moyo yeyote aliyelibeba. Linalotutia wasiwasi ni jinsi gari lenyewe linavyonunuliwa.

Mkopo wa chama si wa mtu mmoja. Nyuma ya kila mwalimu aliyepewa hundi wapo walimu wenzake waliotia sahihi kumdhamini, na pikapu ikizimika kabla ya deni kulipwa, ni mishahara yao itakayokatwa. Kwa hiyo mwalimu akosapo kuchagua vizuri, hasara hiyo huwafikia watoto wa watu wengine ambao hata hawakuwahi kupanda gari hilo.

Nayasema haya kwa kuwa yamenifika. Mwalimu mwenzangu, tuliyefunza naye shule moja katika Nyandarua, alinunua pikapu ya milango minne kwa nia ya kupeleka viazi sokoni Nairobi. Rangi yake ilimetameta, viti vilikuwa vya ngozi, na mita ilionyesha kwamba gari halijatembea sana. Dalali alimwambia kuna mnunuzi mwingine aliyekuwa njiani anakuja na pesa mkononi. Mwalimu akalipa siku hiyo hiyo. Miezi mitano baadaye injini ilianza kukohoa na kutoa moshi mweusi, na fundi akasema nozeli zote nne na pampu ya dizeli zimekwisha. Gharama aliyotajiwa ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake, kwa maana alikuwa ametumia kila senti ya mkopo kulipia gari. Pikapu ikaegeshwa chini ya mti. Wadhamini watatu tukaanza kukatwa mishahara.

Simlaumu kwa kununua gari kuukuu. Mwenye pesa chache hana budi kununua lililotumika. Kosa lake lilikuwa kwamba alianza na swali la bei, ilhali swali la kwanza lilipaswa kuwa: gari hili litabeba nini, katika barabara gani, mara ngapi kwa juma?

Hesabu yake ni nyepesi, na ningefurahi kuiona ikifanywa na wanafunzi ubaoni. Kipimo cha kisheria cha gunia la viazi ni kilo 50, kwa hiyo magunia 20 ni tani moja. Magunia 11 ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 990. Tangi la lita 1,000 likijaa maji lina uzito wa kilo 1,000, nalo tangi lenyewe hujahesabu, wala dereva na utingo wake. Mchanga ndio mdanganyifu kuliko vyote, kwani mita moja tu ya ujazo hupita tani moja na nusu. Basi mtu anayetaka kuuza mchanga na anayetaka kusambaza maziwa hawawezi kununua gari moja, hata kama mifuko yao inalingana.

Chukua Datsun 1200, ile pikapu ndogo ambayo Wakenya wengi wameijua tangu utotoni. Injini yake haifiki hata sentimita 1,200 za ujazo, nayo iliundwa kubeba kama nusu tani. Kwa mkate, mboga, mayai na makopo ya maziwa, sijui gari lililowafaa watu wa kipato kidogo kuliko hilo. Ukilipakia mawe, unaliua. Kwa upande wa pili, ile ya milango minne ya mwenzangu ilikuwa na nguvu za kutosha, ila nafasi ya mizigo ilikuwa imemegwa ili kuwapa abiria viti vya nyuma. Viazi havihitaji viti vya ngozi. Mwenye kununua kwa mkopo ili afanye kazi na achukue ya milango miwili, familia ipande matatu.

Yapo pia maswali ya asili ya gari. Sheria zetu haziruhusu kuingiza nchini gari lililopitisha umri wa miaka 8, na gari la umri huo bado lina bei kali. Isitoshe, tumezoea kudhani kwamba kila kitu cha mtumba hutoka Japani, ilhali Toyota iliacha kuuza Hilux huko kwao mwaka wa 2004, ikarejea mwaka wa 2017 tu. Ndiyo sababu Hilux za mtumba kutoka nchi hiyo zimekuwa haba. Kwa mwalimu wa kawaida, pikapu atakayoimudu ni ile iliyouzwa ikiwa mpya humu humu nchini, ikatumikia kampuni, shirika au idara fulani, kisha ikapigwa mnada. Hilo si baya. Gari la kampuni mara nyingi lina daftari la matengenezo, na daftari hilo lina thamani kuliko rangi mpya. La kuepuka ni lile lililokimbizwa na miraa usiku na mchana. Injini yake yaweza kuwa inanguruma vizuri, lakini imekwisha kufanya kazi ya maisha mawili.

Watu huniuliza ni aina gani bora. Jibu langu huwakera: ni ile ambayo fundi wa soko lenu anaijua na vipuri vyake vinapatikana dukani kabla ya jua kutua. Isuzu zimeunganishwa Nairobi kwa miongo mingi, tangu enzi za kampuni ya General Motors hadi Isuzu ilipochukua hatamu mwaka wa 2017, na hakuna mji wa wakulima usiokuwa na mtu aliyewahi kuifungua injini yake. Hilux ni hivyo hivyo. Peugeot 504 ilikuwa mfalme wa barabara mbovu, nami bado naipenda, lakini huundwi tena, na anayeinunua leo lazima awe na fundi mzee aliye hai na mwenye afya.

Kuna jambo moja kuhusu dizeli ambalo mwenzangu hakuambiwa. Injini za zamani zilivumilia mafuta machafu. Hizi za kisasa hunyunyiza dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia matundu madogo sana, na uchafu kidogo huziharibu. Nasi twajua tabia ya baadhi ya wauza mafuta wetu. Serikali iliwahi kutoza ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018 kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Katika mazingira hayo, injini rahisi ya kizamani yenye moshi kidogo yaweza kumfaa mkulima kuliko injini ya kisasa ambayo hajui ilinyweshwa nini na mwenyewe wa awali.

Sasa tuje kwenye ukaguzi, ambapo ndipo pesa huokolewa. Nenda asubuhi, tena umwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta lina joto, jiulize kwa nini alikuwa na haraka ya kulipasha. Injini iliyochoka huwaka kwa shida ikiwa baridi, na dalali hulijua hilo. Likiwaka, tazama moshi. Wa buluu waonyesha kwamba oili inaungua. Mweusi ni wa mafuta yasiyochomeka sawasawa. Mweupe ukiendelea hata baada ya injini kupata joto, yamkini maji ya rejeta yanaingia mahali pasipostahili, na ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando kama chai ya maziwa, shukuru na uende zako.

Kisha lala chini. Naam, mwalimu na suti yake, alale chini atazame chesisi. Pikapu ya kazi huvunjikia huko, nyuma ya kibanda cha dereva, mahali uzito wa mzigo unapokutana na mitikisiko ya barabara. Tafuta alama za kulehemu na rangi nyeusi iliyopakwa sehemu moja tu. Ikiwa gari lilikaa Mombasa, Malindi au Lamu, piga chuma kwa nyundo ndogo usikie kama bado ni chuma, maana hewa ya chumvi hula polepole bila kelele. Hesabu vyuma vya springi za nyuma; vikiwa vimeongezwa, gari lilizoeshwa kubeba kupita kiasi, na breki, difu na giabeksi vililipa gharama hiyo. Mita ya kilomita usiiamini. Itazame pedali ya klachi na usukani: pedali iliyolika hadi chuma katika gari linalodai kutembea kilomita 60,000 inakwambia ukweli ambao mita imeuficha. Na kabla ya kuondoka, likiwa mahali tambarare, vuta breki ya mkono, tia gia ya tatu, kisha uachie klachi taratibu. Injini ikiendelea kunguruma badala ya kuzimika, klachi imekwisha.

Fundi aandamane nawe, na awe fundi wako, asiwe wa muuzaji. Mlipe hata mkirudi mikono mitupu.

Kuhusu karatasi nitasema machache, kwa kuwa walimu ni watu wa karatasi. Nambari ya chesisi na ya injini zilingane na zilizo kwenye hati ya umiliki. Ulizia rekodi za gari kwa Mamlaka ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, ujue kama benki ingali inalidai. Umiliki uhamishwe katika siku 14 ambazo sheria imeweka. Usikubali ahadi ya kuhamisha baadaye.

Lakini ushauri ambao ningeuweka mbele ya yote ni wa pesa. Mwenye shilingi 800,000 asitafute pikapu ya 800,000. Atafute ya 640,000, na hizo 160,000 azifungie. Zitalipa bima, ukaguzi, matairi, betri, oili, mikanda na breki, vitu ambavyo gari lililotumika litavidai katika miezi ya kwanza. Laiti mwenzangu angefanya hivyo, nozeli zingetengenezwa, viazi vingefika sokoni, na deni lingelipwa na viazi.

Vyama vyetu vya akiba na mikopo navyo vina sehemu yao ya lawama. Fomu ya mkopo huuliza majina ya wadhamini, nambari zao za kazi na mishahara yao. Haiulizi gari limekaguliwa na nani, wala mkopaji amebakisha kiasi gani cha matengenezo. Maswali hayo mawili na yaongezwe, na hundi isitolewe hadi ripoti ya fundi iwe imeambatishwa.