KOMPYUTA ZETU ZISIKAE BURE

Sisi wa kidato cha tatu tukiingia chumba cha kompyuta tunachapa barua ya mistari mitatu, basi. Akili yote iliyomo katika mashine inangoja kidole changu kizembe!

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Harvard kilianzisha Mradi wa Nishati Safi. Walitafuta kemikali za kaboni za kugeuza jua kuwa stima kwa bei nafuu. Hesabu zilikuwa nyingi mno, kwa hivyo wakaomba watu wa kawaida duniani wawaazime kompyuta zao zisipokuwa na kazi. Kila moja ikapewa kipande chake. Mwaka 2013 wakatoa matokeo ya kemikali zaidi ya milioni 2, yeyote ayasome bure.

Mradi huo ulikwisha, lakini programu iliyogawa kazi, BOINC, ingalipo na miradi mingine inaitumia. Haibagui: Windows, Linux, Mac, hata simu za Android.

Rafiki yangu hunicheka: "Mimi nyumbani nasomea koroboi, wewe unawapa Wazungu stima ya shule?" Swali lake lina uzito, sikatai. Kompyuta inayopiga hesabu hula stima zaidi. Ndiyo maana sisemi ziachwe usiku kucha. Nasema saa ya somo tu, zikiwa zimeshawashwa. Na jua hili linalotukaushia mahindi hapa Kyuso halitupungukii kamwe. Paneli zikishuka bei, koroboi yake ndiyo itakayozimwa kwanza.

Mwalimu wa kompyuta, naomba mashine 2 tu, muhula mmoja. Kisha tulinganishe bili.