Penzi la Siri Si Siasa Kila Mara

Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kauli hii imewaponza wahakiki chipukizi wengi. Wakikutana na shairi la penzi la siri, huona haya kulisoma kama shairi la penzi. Papo hapo mpenzi hugeuzwa nchi, mume mwenye wivu akawa mtawala, na miadi ya usiku ikawa harakati za ukombozi. Uhakiki wa namna hii huonekana wa kina, ilhali aghalabu ni wa pupa.

Mazoea haya yana chimbuko lake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi karibu mwaka 1840, alitunga mafumbo ya kisiasa wakati Wamazrui walipovutana na watawala wa Kibusaidi. Abdilatif Abdalla naye alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) akiwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972. Asiyezitafuta siasa katika tungo hizo atatoka mikono mitupu. Hata hivyo, Muyaka huyo huyo alitunga pia kuhusu mapenzi, ndoa na visa vya mitaani. Kumpokonya mapenzi yake ni kumsoma nusu.

Kipimo kinachofaa kimo ndani ya shairi lenyewe. Mathalani, nafsineni akisema kwamba huteka maji usiku katika kisima chenye mwenyewe, mhakiki ana uhuru wa kudai kuwa kisima ni nchi. Lakini sharti dai hilo lihimili beti zote. Iwapo beti zinazofuata zinataja harufu ya asumini na hofu ya mlango kulia, navyo vifafanuliwe. Jazanda inayoeleza ubeti mmoja na kushindwa na mitano haijagangua fumbo.

Lipo kosa jingine, nalo ni la udaku: kumsaka mpenzi wa mtunzi. Nafsineni si mtunzi, na lugha yenyewe imeisitiri siri. Ngeli ya A-WA haitofautishi mume na mke; maneno mpenzi, muhibu na yeye hayaisaliti jinsia ya mtu. Anayeshikilia kuwa anayeitwa ni mwanamke, pasipo kidokezo chochote katika beti, amesoma dhana zake mwenyewe.

Swali lenye tija, basi, si "ni nani?" bali ni "kwa nini afichwe, afichwe nani asijue, na siri ikifichuka nani ataumia?" Katika jamii ambamo ndoa ni fungamano la koo mbili, penzi la siri hubeba heshima ya watu wengi, na mara nyingi mwanamke ndiye hulipa zaidi. Mhakiki anayekimbilia siasa za ikulu huyapita maumivu hayo, ilhali nayo ni siasa: siasa za nyumbani.