Goma, 30 Agosti: mulichunguza lini?

Vijana wa Goma, Bukavu, Beni, Butembo, Bunia, Lubumbashi, na nyinyi wote wenye kusoma huku muko juu ya moto ama mu foleni ya maji,

 Tarehe 30 mwezi wa munane 2023, mbele jua haijatoka, askari wa Garde Républicaine waliingia mu kartie za mji wetu, kwenye redio na kanisa la watu wanaojiita Wazalendo, ile dini ya Imani ya Asili ya Kiyahudi na ya Kimasiya kwa Mataifa. Walikuwa wametangaza maandamano ya kukataa MONUSCO na jeshi la Afrika ya Mashariki. Meya alikuwa amekataza maandamano hayo. Jioni serikali ilitoa hesabu ya watu wachache. Kisha ikakubali 43. Human Rights Watch ilipita 50. Siku hiyo hiyo polisi mmoja aliuawa kwa mawe, naye alikuwa mtoto wa watu. Video tuliziona wote: miili inakokotwa na kutupwa ndani ya lori kama mifuko ya makala.

Wakubwa walituambia nini? Asema ni sekte. Asema wametumiwa na adui. Asema ni wahalifu.

Vizuri. Basi tuko na swali moja tu: mulichunguza lini?

Tuseme wazi mbele mutu hajatugeuzia maneno. Sisi hatusali na hawa watu. Mafundisho yao hatuyajui mpaka mwisho, na mengi tuliyosikia hatuyapendi. Kama walitisha watu, ni kosa. Kama kuna aliyeua yule polisi, ajulikane kwa jina na ahukumiwe. Kama kuna aliyepokea pesa kwa adui, ionyeshwe: pesa ngapi, toka kwa nani, kupitia simu gani. Kanisa siyo ukuta wa kujificha nyuma yake. Nabii akivunja sheria, ajibu kama muuza ndizi anavyojibu.

Lakini ndiyo ile tunasema: ajibu. Na ili mutu ajibu, lazima awe mzima.

Uchunguzi siyo uchawi. Unaita mashahidi mmoja mmoja. Unaandika majina. Unauliza nani analipa redio na nani analipa nyumba ya kanisa. Unakuja na hati ya mahakama, mchana, unachukua vitu na kuacha karatasi yenye sahihi. Na hawa walikuwa watu wepesi kuchunguza kuliko wote mu Goma! Walikuwa na kanisa linalojulikana. Walikuwa na kiongozi anayejulikana. Walikuwa na redio. Mutu mwenye redio hajifichi. Toka tarehe 6 mwezi wa tano 2021 tulikuwa chini ya état de siège: gavana alikuwa mjeshi, meya alikuwa polisi, mahakama ya kijeshi ndiyo ilihukumu makosa ya jinai. Uwezo wote ulikuwa mikononi mwao. Wakachagua bunduki, mbele ya mapambazuko.

Na siyo mara ya kwanza. Mujue historia, ju wanategemea tusahau.

Mwaka 2007 na 2008 mu Bas-Congo, ilikuwa Bundu dia Kongo. Nao walishitakiwa mambo makubwa, kati yao kuendesha mahakama yao wenyewe mu vijiji. Wakatumiwa polisi wenye silaha za vita. Kwa mwaka 2008 peke yake, uchunguzi wa MONUC ulikuta watu wasiopungua 100 waliuawa. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2013, ilikuwa wafuasi wa Mukungubila, Kinshasa, Lubumbashi na Kindu. Serikali yenyewe ilihesabu zaidi ya 100 waliokufa. Mwezi wa ine 2020, tena watu wa Ne Muanda Nsemi: Human Rights Watch ilihesabu wasiopungua 55. Kisha 2023, Goma. Kila mara jina la dini linabadilika, na kila mara wafu wanakuja mbele, maswali nyuma.

Kuna wenye watasema: "Na ile ya Kenya, munaisahau?" Hatuisahau. Mwezi wa ine ule ule wa 2023, mu pori la Shakahola, walianza kufukua waumini wa Paul Mackenzie waliofundishwa kufunga mpaka kufa. Maiti zilipita 400, watoto wengi ndani yake. Mackenzie alikuwa ameshakamatwa mbele ya hapo na kuachiliwa. Kule serikali ililala, na watu walikufa. Kwa hiyo hatuko tunasema "muwaache, ni imani yao." Kulala kunaua. Lakini muangalie kile kilifanyika kisha: walifukua kaburi moja moja, madaktari wakapima kila mwili kujua kilichomuua, wakachukua DNA ili familia zipate watu wao. Ndiyo kazi ya uchunguzi hiyo. Huko maiti ilihesabiwa kama ushahidi. Huku kwetu ilitupwa ndani ya lori.

Watasema tena: "Haki ilifanyika." Ni kweli, kesi ilikuwako. Tarehe 2 mwezi wa kumi 2023 mahakama ya kijeshi ilimuhukumu kifo Kanali Mike Mikombe, askari watatu wakapewa miaka kumi, wawili wakaachiliwa. Gavana aliitwa Kinshasa, mwingine akawekwa. Na kiongozi wa ile dini pamoja na waumini wengi wakapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Lakini amri ilitoka wapi? Nani alijua usiku ule na akanyamaza? Kanali mmoja hawezi kuwa mlango wa mwisho wa hii nyumba. Na kifo chake hatukitaki, hata kama serikali ilirudisha mambo ya kuua wenye kuhukumiwa kifo mwezi wa tatu 2024. Maiti haisemi nani alimutuma. Hiyo ni kweli kwa muumini, ni kweli kwa kanali pia.

Sasa neno letu sisi kwa sisi. Siku ile, wangapi kati yetu waliandika "ni wachawi, waache"? Wangapi walicheka ile video? Leo ni "sekte." Kesho ni wamotari. Kesho kutwa ni sisi, vijana wenye bango, ju nasi tumeshaitwa watu wa adui mara ngapi? Jina la kukuua linatafutwa tu kisha amri imetoka.

Tunadai haya:

1. Orodha ya majina ya wote waliokufa tarehe 30 Agosti 2023 itangazwe, pamoja na yule polisi.
2. Uchunguzi upande mpaka kwa waliotoa amri, hata kama wako Kinshasa.
3. Kila muumini aliye gerezani aambiwe yeye mwenyewe alifanya nini, na kwa ushahidi gani. Kuvaa nguo ya kanisa siyo kosa.
4. Ushahidi wa kwamba walitumiwa na adui uonyeshwe hadharani. Kama hauko, mukubali mbele ya wajane.
5. Kila dini yenye kushitakiwa makosa ichunguzwe mapema, na sheria, ile ya maskini na ile wakubwa wanaenda kupiga picha ndani yake.

Wajane wako Goma. Wanajulikana. Tuende tuwasalimie leo, kisha tuulize tena, kwa sauti: mulichunguza lini?