Ngozi Nyeusi na Kidonda cha Kulalia

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani, nyama yake hubanwa kati ya mfupa na godoro; damu haipiti vema, na chembechembe za mwili hufa. Ndivyo kianzavyo kidonda cha kulalia, hasa chini ya mgongo na visiginoni. Mwaka 1962 muuguzi Mwingereza Doreen Norton na wenzake walitoa kipimo cha hatari hiyo: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza, na kuzuia haja. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4. Jumla ya 14 au pungufu huonya.

Alama hizo zafaa sana, lakini hazitoshi. Dalili ya kwanza itajwayo vitabuni ni wekundu usiotoweka ngozi ibonyezwapo. Katika ngozi nyeusi wekundu huo waweza usionekane kabisa, na muuguzi akaandika kuwa ngozi ni nzima ilhali nyama ya ndani inakufa. Kwa hiyo mkono hauna budi kulisaidia jicho: upapase joto, ubaridi, ugumu au ulaini, ukilinganisha na ngozi ya jirani, na mgonjwa aulizwe kama aona maumivu. Wanafunzi wa uuguzi wafundishwe hayo tangu mwanzo, wala yasiachwe yawe nyongeza ya mwisho wa sura.