Joto Lapotelea Wapi?

Juma lililopita kijana mmoja wa hapa Pongwe aliniuliza, "Bwana Karani, huko Ulaya wakati wa theluji watu huogelea wapi?"

Nikamjibu, huogelea ndani ya nyumba. Sisi tukienda Raskazone twakuta jua limekwisha kutupashia maji bure. Wao hawana bahati hiyo. Hujenga nyumba kubwa yenye bwawa ndani yake, na maji na hewa hupashwa moto usiku na mchana. Nyumba hizo hula gesi na umeme mwingi mno, tena huongeza hewa ya ukaa, ile inayozidisha joto duniani na kuharibu majira ya mvua.

Mafundi walitafuta joto hilo lapotelea wapi. Waliona kwamba sehemu kubwa kabisa hupotea kwa mvuke. Yafaa tujue kwamba kuyageuza maji yanayochemka yawe mvuke mtupu kwataka joto kama mara 7 ya lile lililoyachemsha.

Basi, dawa yao ya kwanza ni nyepesi: usiku waogaji wakiisha kuondoka, bwawa hufunikwa. Ya pili, hewa ya joto inayotolewa nje hupitishwa karibu na hewa baridi inayoingia, ili iiachie joto lake. Mwaka 2011, huko Lünen na Bamberg, Ujerumani, yalifunguliwa mabwawa yenye nyumba za kuta nene na vioo vya tabaka 3. Na mwaka 2023, mjini Exmouth, Uingereza, joto la mitambo ya kompyuta lilianza kutumiwa kupasha maji ya bwawa.

Pengine wasema, "Yatuhusu nini sisi tusio na bwawa?" Ngoja nikuungamie kosa langu.

Siku moja niliwekwa kusimamia mapishi ya semina ya vijana. Niliamuru moto mkubwa, na sufuria ya makande iachwe wazi nipate kuyaona. Kuni zikaisha, makande yangali magumu, na vijana wana njaa. Mama mmoja, aliyeutoa mzigo ule mbali kwa kichwa chake, alinitazama kimya. Akaenda kuleta mzigo mwingine. Aliporudi alifunika sufuria, maji yakachemka, akavuta nyuma vijinga viwili. Akasema, "Bwana Karani, maji yakisha kuchemka yamechemka."

Nilitahayari. Chuo cha ualimu kilinifundisha jambo lilo hilo: maji yanayochemka hayazidi joto, hata ukiyatilia kuni shamba zima. Ubaoni nalilijua, jikoni nikalisahau, na shingo ya mama yule ndiyo iliyolipa.

Kwa hiyo, ewe baba wa nyumba, usimwachie mkeo peke yake hesabu ya kuni. Mtafutie kifuniko kinachokaa sawasawa. Maharage na mahindi yalowekwe tangu usiku. Chungu kikichemka, punguza moto. Mali bila daftari huisha bila habari. Na kuni nazo ni mali.